Kwenda Mbale Kuchekesha Foleni

Hii safari nikiisimulia, mjinga ndani yake ni mimi. Nimetafuta mtu mwingine nimpe hiyo nafasi, nimegeuza habari huku na huku, hakupatikana. Basi sikieni kwangu, nyinyi majirani zangu wa Mafubira, maana mmeshaanza kuisimulia wenyewe huko madukani, na mnaisimulia vibaya.

Kazi yangu mnaijua. Steji ya Jinja, magari ya Mbale. Gari haiondoki mpaka ijae, na hakuna mtu anapenda kuingia kwenye gari tupu, kwa hiyo mjaza gari anaanza na abiria wa uongo. Wangu alikuwa Magidu, kijana wa Buwenge, mpole, uso kama mtu anaenda mazishi. Kila asubuhi namwambia, "Panda, kaa pale dirishani, uonekane. Ikijaa nitakwambia ushuke." Watu wakimwona Magidu na mfuko wake mapajani wanasema ahaa, hii inakaribia kwenda. Wanaingia. Magidu anashuka kimyakimya, anaenda kukaa kwenye gari inayofuata.

Lakini kuingia siyo kukaa. Jua linapiga bati, mtoto analia, mtu anaanza kushika mlango atoke. Hapo ndipo naingia mimi. Namuuliza mama mwenye kuku, huyu kuku amelipa nauli au anasafiri kama mtoto? Namuuliza mzee mwenye koti, umevaa hilo koti kwa sababu ya baridi ya Mbale au kwa sababu ya shemeji zako? Wanacheka, wanakaa. Na nikisema "bado mmoja tu", kila mtu anajua ni uongo, lakini ni uongo wa nyumbani, kama kumwambia mgeni chakula kiko tayari wakati maji hayajachemka.

Siku mbili kabla ya Idi, nyuma kabisa alikaa mama mmoja mnene, miwani ya jua, saa ya dhahabu. Alicheka mpaka akajipangusa macho na kitambaa cha kichwa. Gari ilipojaa akaangalia ile saa, akashtuka. Akaniita dirishani.

"Wewe nani?"

"Rama, Madam."

"Nimekaa hapa muda wote huo na sijausikia? Mimi nikisubiri hata chai nagombana. Sikia. Nina bembea Mbale, ile gurudumu kubwa. Watu wanakuja, wanaona laini ndefu, wanarudi kwao. Wewe unajua kushika watu. Njoo unishikie Idi."

"Na Idi ikiisha?"

"Laini ikishika, unaenda na sisi. Soroti, Lira, mpaka Arua. Tutaongea."

Tutaongea. Hilo neno mlishike, mimi sikulishika.

Jioni ile ile, mbele ya steji nzima, nilimpa Magidu nafasi yangu. Nyinyi mnajua nafasi ya steji haina karatasi. Ni yako wakati sauti yako inasikika pale. Ukimpa mtu mbele ya watu, umempa. Huwezi kuirudia kama mwavuli.

"Na ukirudi, bwana?" Magidu akaniuliza.

"Nirudi kufanya nini? Nitapita hapa niko ndani ya lori la bembea, nitakupungia mkono."

Watu wakacheka. Mimi ndiye nilicheka zaidi.

Asubuhi, Jinja. Magidu ndiye alijaza gari niliyopanda. Hajui kuchekesha, anaita tu "Mbale, Mbale" kama anauliza njia. Nikamsaidia kidogo kutoka ndani. Miaka yote hiyo najaza magari, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza mlango ulifungwa mimi nikiwa bado nimekaa. Nilishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili. Nilijiona mkubwa, wallahi.

Iganga tulinunua gonja, zile ndizi za kuchoma. Nakalama tukakata kushoto. Kule Tirinyi barabara inapita katikati ya mpunga, pande zote mbili, na nikaona mtu amesimama juu ya kichuguu anafukuza ndege kwa kelele, mdomo wazi, mikono juu. Nikasema, huyo mwenzangu. Yeye anafukuza kwa sauti, mimi nashika kwa sauti, sote tunakula kwa koo. Jirani yangu akauliza, "Unaongea na nani?" Nikamwambia nazungumza na idara yangu.

Mchana, Mbale. Wanale, ule mlima, imesimama nyuma ya mji kama ukuta wa jela, mawingu yamekaa juu. Nilifikia Namakwekwe, kwa mama mdogo Halima, mdogo wake mama. Anasuka vikapu na vifuniko vya rangi, vile vya kina bibi zetu Wanubi, nyekundu na kijani mpaka macho yanauma. Akanipokea na chai na swali.

"Umeacha kazi?"

"Nimepata kubwa zaidi, Mama mdogo."

"Umeandikiwa?"

"Tutaongea Idi ikiisha."

Akaniangalia. Akarudi kwenye kikapu chake.

Siku ya Idi, uwanjani. Hiyo bembea ni gurudumu refu kupita nyumba, viti vimening'inia, jenereta inatoa moshi kama mzee wa kiko. Kuzunguka ni kufumba na kufumbua. Kusubiri ni kupika maharage. Foleni imezunguka uwanja, watoto na nguo mpya, kina mama, wazee, Wakristo wamekuja kula Idi yetu na macho. Mlangoni anasimama Afande Okiror, askari jela mstaafu, Mteso, mrefu, fimbo mkononi.

"Afande, hiyo fimbo ya nini?"

"Ya laini. Watu haisimami bila fimbo, kijana. Mimi nimesimamisha watu miaka yote."

"Hao walikuwa wamefungwa, afande."

"Na hawa wamelipa. Ni moja."

Nikapanda juu ya kreti, nikawasalimia kwa Kiswahili, kwa sauti ya steji. Ya rabi! Foleni yote ikanyamaza. Watu wakanyooka. Mzee mmoja mbele yangu akavua kofia, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambulisho.

"Iko hapa, afande," akasema. "Na huyu ni mjukuu yangu, hajafanya kitu."

Jinja kwenye steji nilikuwa nimelisahau hili. Kwa wazee wa huku Kiswahili ni lugha ya wanajeshi, ya kuambiwa lala chini. Yule mzee alikuwa bado ameninyooshea kitambulisho. Nikashuka kwenye kreti, nikamrudishia kofia kichwani kwa mikono yangu, nikamsalimia kwa lugha yao, "Mulembe, mzee. Mimi siyo afande. Afande gani ana viatu kama hivi?" Akaangalia viatu vyangu. Akaviangalia sana. Halafu akacheka, na nyuma yake wakacheka, na kazi ikaanza.

Sasa niwaambie kitu nilichojua kutoka steji, na sijakisikia kwa mtu aliyesoma. Mtu hachoki na muda. Mtu anachoka na kutojua, na kuona mwingine anapita mbele yake, na kukaa bila kazi. Ukimwondolea hivyo vitu vitatu, hata ungemsubirisha mpaka nywele ziote mvi, atakushukuru.

Kwa hiyo nikavipa viti majina. Kuna Malewa, jina la mboga yao ya mianzi, kuna Bibi Harusi, kuna Mkwe, ambacho ukikaa huruhusiwi kupiga kelele. Kuna Mbunge, ambacho kikipanda hakitazami chini. Mtu akawa hasubiri bembea tena, anasubiri kujua ataangukia kiti gani. Anahesabu viti, anahesabu vichwa, anabishana na jirani. "Mimi Mbunge! Wewe Mkwe!" "Wewe! Mkwe ni yule mnene!"

Halafu nikaweka sheria. Hakuna kushuka na kwenda zako. Anayeshuka lazima awaambie walioko chini kitu kimoja alichokiona. Namuuliza, "Habari za juu?" na foleni yote inaitikia, "Lete!"

Mzee wa kitambulisho alishuka na mjukuu wake. "Habari za juu?"

"Nimeona paa yangu. Inataka mabati."

"Lete!" wakapiga makofi.

Msichana mmoja wa shule: "Nimeona mwalimu wetu wa hesabu anakojoa nyuma ya ukuta." Hiyo iliwaangusha watu. Mama mmoja alirudi nyuma ya foleni kupanda mara ya pili kwa sababu ya kwanza alifunga macho akakosa habari. Mpaka adhuhuri Afande Okiror alikuwa ameegemeza fimbo kwenye mti, na jioni aliisahau pale pale.

Madam alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli. Nikamwendea.

"Laini imeshika, Madam."

"Nimeona. Bado kidogo, Rama. Idi iishe, tutaongea."

Nikarudi kazini nikicheka.

Siku iliyofuata, Denisi, mtoto wa dada yake Madam, akanifuata na simu yake. Kijana safi, anaongea polepole kama daktari.

"Rama, sema tena yale ya jana. Nirekodi kidogo. Madam anataka."

"Za kutangaza?"

"Ee, kama hivyo."

Hapa ndipo ujinga ulipofika kwa miguu yake mwenyewe, na mimi nikaufungulia mlango. Nilijua hapo hapo: ni ya kupeleka Soroti, watu wanisikie kabla sijafika, nikishuka kwenye lori wapige vigelegele. Kwa hiyo sikusema kidogo. Nilimwambia Denisi jenereta inaharibu sauti, twende nyuma ya ukuta wa msikiti, kuna kimya. Nikasema yote: viti, Mkwe, Mbunge, Habari za juu. Nikakosea, nikamwambia futa, turudie. Kuna mbuzi alilia katikati, nikamfukuza, nikaanza upya. Nikaweka mahali pa kucheka. "Hapa acha nafasi, Denisi, hapa watacheka." Nikaweka na ile ya "wewe wa kofia ya bluu, usitoroke, mkeo amekuona". Denisi alikuwa amechoka. Mimi ndiye nilisema tuendelee.

Jioni nikamsimulia mama mdogo Halima. Alikuwa anamalizia kifuniko. Akasikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Mimi nikiuza kikapu, nauza kikapu," akasema. "Mikono sijawahi kuiuza."

"Mama mdogo, hii ni mambo ya simu. Siyo mambo ya vikapu."

"Haya."

Kesho yake, uwanjani. Idi imekwisha lakini ilikuwa siku ya soko, watu wa vijijini wameshuka mjini, foleni ndefu. Nilikuwa bado niko barabarani nikasikia mtu anachekesha watu. Nikasema, huyu mtu ni mzuri. Hatua kidogo, nikasema, huyu mtu ananiiba. Hatua nyingine, nikasikia mbuzi kwa mbali, yule mmoja ambaye Denisi hakumfuta vizuri, na nikaelewa.

Spika ilikuwa imefungwa juu ya mlingoti, pale penye kreti yangu. Kreti yenyewe Madam alikuwa ameweka miguu juu yake.

"Rama! Leo pumzika," akasema, kwa wema kabisa. "Kazi umefanya. Denisi, mpe haki yake."

Haki yangu nilipewa, sidanganyi. Lakini si hiyo niliyoijia.

"Madam, ulisema tutaongea. Ulisema naenda na nyinyi."

"Si unaenda?" Akainua simu ya Denisi, akaigonga kwa ukucha. "Uko humu. Soroti, Lira, mpaka Arua."

"Hiyo haioni watu, Madam. Sikia, inasema kofia ya bluu. Iko wapi kofia ya bluu hapa?"

"Sikiliza wewe."

Nikasikiliza. Sauti yangu ikasema wewe wa kofia ya bluu, usitoroke. Foleni yote ikageuka kumtafuta. Hakuna kofia ya bluu. Wakawa wanatafutana, wanashikana mabega, "Ni wewe!" "Mimi yangu nyeusi!" "Ulikuwa nayo, umeificha!" Walicheka kuliko nilivyowahi kuwachekesha nikiwa nimesimama mbele yao.

Nikaona bado nina njia moja. Gurudumu lilisimama, mafuta ya jenereta yameisha, Denisi amekimbia kutafuta. Spika inatumia betri, inaendelea tu, "Songeni, songeni, zamu yenu imefika," na hakuna kinachosonga. Nikasema, hapa ndipo watamtaka mtu. Nikaingia katikati ya foleni, nikapaza sauti, "Jamani, hii gurudumu imekwenda kuswali, bado kidogo tu..."

"Shhh!" Mwanamke mmoja, ametoka Busiu na ndizi zake kichwani hata hajazitua. "Nyamaza wewe, tunasikiliza."

"Mama, huyo ni mimi."

Akanitazama, kutoka kichwani mpaka kwenye viatu. Wa nyuma yake naye akanitazama. Yule wa nyuma akasema, na hakuwa anatania:

"Unajaribu kumwiga, lakini hujamfikia. Yule anaongea kama mtu ameshiba."

Nilitaka kujibu. Mnanijua, mimi sijawahi kukosa jibu, hata kwa polisi, hata kwa imamu. Nilifungua mdomo, na juu ya mlingoti sauti yangu ikajibu kitu kingine kabisa, watu wakacheka, mama wa Busiu na ndizi zake akacheka, na mimi nikabaki mdomo wazi kama yule mfukuza ndege wa Tirinyi.

Mafuta yakaja. Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Nilienda nikakata tiketi, nikasimama mwisho wa foleni. Siku zote zile sikuwa nimepanda hiyo bembea hata mara moja, kama vile nimejaza magari miaka yote bila kufika Mbale. Nikasimama nikajisikiliza. Na uchungu wenyewe huu: kusubiri kulikuwa kutamu. Nilihesabu viti. Nilibishana na mtoto mmoja nani ataangukia Mbunge. Nilicheka mahali nilipowaachia watu nafasi ya kucheka.

Niliangukia Mkwe, cha kukaa kimya. Kilipofika juu kikasimama, wanapakia wa chini. Nikaona Wanale karibu kabisa, maji yanashuka kama nyuzi nyeupe. Nikaona Namakwekwe, nikadhani nimeona rangi nyekundu na kijani zimeanikwa kwenye ua. Nikatazama chini pale nilipokuwa nasimama. Palikuwa na mlingoti, na Madam amenyoosha miguu, na foleni imenyooka vizuri, inasonga, hakuna aliyepungua.

Hapo juu ndipo nilipojifunza nilichokwenda kujifunza. Tangu Jinja mimi nilikuwa kwenye foleni. Bado kidogo, Rama. Idi iishe, Rama. Tutaongea. Ni ile "bado mmoja tu" yangu mwenyewe, nimeisema maelfu ya mara, na niliposemewa sikuitambua, kwa sababu nilikuwa nafurahi.

Nikashuka. Mlangoni Afande Okiror alikuwa amerudishiwa fimbo yake. Madam alisema spika haiwezi kumshika mtu mkono, kwa hiyo askari anabaki. Afande akainama.

"Habari za juu?" akauliza, polepole, asisikike.

Hakuna aliyesema "Lete". Nikampa mkono, nikapita.

Kesho yake asubuhi, njiani kurudi. Sikupanda gari ya Jinja. Sikutaka kushushwa pale steji mlango ukifunguliwa na Magidu. Nilidandia lori la mahindi kule Busiu, likapita Tororo, likapita Iganga, nimekaa kando ya dereva na kofia usoni. Dereva alijaribu kuongea na mimi, akaona ni kazi, akawasha redio. Nikamwomba aizime. Akaizima, mtu mzuri.

Jinja nilifika jua linaegemea. Mama mdogo alikuwa amenipa kifuniko kimoja nimpelekee mama, nikakibeba kifuani, nikapita njia ya nyuma ya steji. Haikusaidia. Magidu aliniona. Hajajifunza kuchekesha hata leo, lakini sauti yake imekuwa nzito kidogo, na watu walikuwa wanamwuliza yeye gari gani inatangulia. Wengine pale steji walikuwa wamejaza maneno mdomoni, wanasubiri nani aanze kunicheka.

"Kodheyo, bwana," Magidu akasema, vile Wasoga wanamkaribisha aliyerudi. Hakucheka. Aliangalia viatu vyangu, akaangalia kifuniko cha mama mdogo, akaelewa yote bila kuuliza. Nyuma yake gari ya Mbale ilikuwa tupu, mlango wazi.

Akanisogeza pembeni, asisikiwe na watu.

"Panda," akasema. "Kaa pale dirishani, uonekane. Hicho kifuniko kiweke mapajani. Ikijaa nitakwambia ushuke."